UZI: Gloriosa, ua letu la porini linalopanda: namna ya kuiotesha nyumbani bila kuozesha kiazi

Kitalu_Pangani

Wakuu habari. Kila mvua zikikaribia maswali ya gloriosa yanarudi yale yale, na majibu yametawanyika kwenye nyuzi za watu. Nayakusanya hapa. Mwenye cha kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Kwa asiyeujua: ni ule mmea wenye ua la petali sita zilizojipindua kwenda juu, kingo zimejikunja mawimbi, chini njano na juu nyekundu. Hutambaa vichakani pwani, tangu kwenye mchanga jirani na bahari hadi huko nyanda za juu. Linnaeus aliupa jina Gloriosa superba mwaka 1753. Majina ya kienyeji hubadilika kila wilaya, basi hapa tuseme gloriosa tuelewane. Kwao ni Afrika na kusini mwa Asia. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, Tamil Nadu kule India wamelifanya ua la jimbo. Sisi tunalipita vichakani tukienda kununua bogenvilia, ambayo kwao ni Brazili.

Kabla ya yote: MMEA WOTE NI SUMU, na kiazi ndicho kibaya zaidi pamoja na mbegu. Si sumu ya kuwasha mdomo ikaisha, inaua. Kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, mbuzi wanaozurura uani au mbwa anayefukua, soma uzi huu kwa kujifunza tu, usipande.

Sasa kiazi, maana gloriosa ni kiazi. Shina, majani na ua ni vya msimu mmoja, vinakauka vyote. Kinachobaki ni kiazi chini ya ardhi, chenye umbo la herufi V au L, unene wa kidole, ngozi ya kahawia. Kila mkono wa hiyo V una jicho moja tu, na liko nchani kabisa. Hapo ndipo wanapoharibu waliozoea viazi mviringo: wanakata vipande vitatu, wanapanda, kipande cha katikati hakioti milele kwa sababu hakina jicho. Ukitaka kugawa, gawa pale mikono miwili inapokutana tu, upate viwili, kila kimoja na ncha yake. Paka jeraha unga wa mkaa au jivu, anika kivulini siku 2 au 3 mpaka pakauke, ndipo upande.

Ncha hiyo huvunjika kwa kuguswa tu. Kiazi kikishapoteza ncha, usikitegemee msimu huo. Kibebe kwa kukishika katikati, kisafirishe ndani ya maranda au mchanga mkavu, kisigongane na vingine mfukoni.

Ukubwa nao una maneno. India, wanakolima kibiashara, hupanda viazi vya gramu 50 hadi 60. Vyembamba kama penseli vinaota vizuri lakini mara nyingi hutoa majani tu mwaka wa kwanza. Muuzaji akikupa vidogo kwa bei rahisi, elewa kwamba unanunua kusubiri.

Udongo: usituamishe maji. Kwenye chungu au ndoo ya upana wa sm 30 na kina hicho hicho, changanya udongo wa bustani sehemu 2, mchanga wa mto sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Samadi mbichi pia hapana, inaozesha kiazi. Ndoo itobolewe matundu 5 au 6 chini, si tundu moja la kujifariji. Kwenye ardhi ya mfinyanzi inua tuta sm 20 na uchanganye mchanga.

Kupanda: chimba mfereji mdogo, laza kiazi ubavu, usikisimamishe. Kwenye mchanga wa pwani kina sm 10, kwenye udongo mzito sm 5 hadi 7. Kutoka kiazi hadi kiazi sm 25 au 30. Shina hutokea nchani, kwa hiyo elekeza ncha upande wa waya au fito, umbali wa sm 5 hivi. Ukigeuza, shina litatokea mbali na litalala chini kabla ya kupata pa kushika.

Mwagilia mara moja kushindilia udongo, halafu tulia. Udongo uwe na unyevu kidogo tu mpaka shina litoke. Hii ni wiki 3 hadi 6, penye baridi zaidi ya hapo. Maua miezi 2 hadi 3 tangu kupanda.

Chipukizi_Kilifi

Mkuu uko sawa kabisa. Nauliza tu, nimeona watu wanaiwekea nguzo ya bomba la inchi moja na nusu na haipandi, inazunguka chini na kujikunja. Shida ni nini?

FundiUa

Shida ni bomba. Gloriosa haijiviringishi kwa shina kama maharage. Angalia jani lake kwa karibu: ncha ya jani inarefuka ikawa uzi wenye kujikunja kama kulabu, na hiyo kulabu ndiyo mkono. Ina sentimita moja hadi mbili. Itazungukaje bomba la inchi moja na nusu?

Inataka kitu chembamba: waya wa kuku, fensi ya waya ya vyumba, kamba ya katani iliyofumwa wavu, vijiti vya unene wa penseli kushuka chini. Kama nguzo nene ipo tayari, izungushie waya wa kuku kuanzia chini kabisa, sm 5 juu ya udongo, kwa sababu majani ya kwanza hayana kulabu, na yanayofuata yakikosa pa kushika shina linainama.

Urefu wa mita 2 unatosha. Kwenye kichaka kizuri inaweza kufika mita 3 au zaidi, ila nyumbani mara nyingi mita moja na nusu hadi mbili.

Weka wavu SIKU ILE ILE unayopanda kiazi. Ukichomeka fito baada ya shina kutoka unaweza kutoboa kiazi, na huoni. Na shina lenyewe linavunjika kirahisi pale linapotoka ardhini. Likivunjika, kiazi aghalabu hakitoi jingine mpaka msimu ujao.

Upepo wa kusi pwani nao uufikirie. Wavu ulio wazi upande wa bahari hutikisika mchana kutwa na shina hukatika chini. Weka upande uliokingwa na nyumba au ukuta.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuacha wavu kabisa, ukapanda kiazi mguuni mwa kichaka chepesi. Ua wa minyaa unafaa sana, vijiti vyake vina unene ule ule unaotakiwa, na gloriosa huchomoza maua juu ya kijani bila wewe kufunga kamba hata moja. Utomvu wa minyaa usikuingie machoni tu wakati wa kupogoa.

Kitalu_Pangani

Nakazia hilo la kichaka. Mguu kivulini, kichwa juani: ndivyo inavyoishi porini. Dar, Tanga, Mombasa jua la asubuhi na kivuli chepesi kuanzia saa nane ni bora kuliko jua la kutwa ukutani. Ukuta mweupe uliopigwa jua unachoma vikonyo na vitumba vinadondoka. Njombe au Limuru weka jua kamili.

Mama_Bustani255

Ahsanteni kwa darasa. Swali: kiazi kimepandwa wiki ya saba hii, kimya. Nifukue au nisifukue?

Kitalu_Pangani

Fukua, lakini kwa vidole na kutokea ubavuni, usitumie jembe wala koleo. Utakuta mojawapo ya haya.

Kiazi kigumu, ncha nzima nyeupe au ya waridi kidogo: kipo usingizini, kifunike, punguza maji. Kiazi cha gloriosa kikimaliza msimu kinalala miezi 2 hadi 3, na hakuna maji yatakayokiamsha kabla ya wakati. Kilichochimbwa juzi majani yakiwa yanakauka hakiwezi kuota wiki hii, hata ukikisomea dua.

Kiazi kigumu lakini nchani pana kovu la kahawia: kilivunjika kabla hujakipanda. Kama ni V, tazama mkono wa pili. Mikono yote miwili imekatika basi hapo hakuna kitu.

Kiazi laini, kinabonyea, kinanuka: kimeoza. Sababu karibu zote ni maji wakati kimelala. Mtu anapanda, haoni kitu, anadhani kina kiu, anaongeza maji. Kiazi kisicho na mizizi hakinywi, kinakaa kwenye tope, ukungu unaingia. Kama mkono mmoja bado ni mgumu, ukate pale uozo ulipoishia uone nyama nyeupe safi, paka unga wa mkaa, kausha siku 3, panda kwenye udongo mpya. Udongo wa zamani mwaga, usiupandie kiazi kingine.

La mwisho: shina lilishatoka likaliwa na konokono usiku, hukuliona. Gusa pale juu ya ncha, utakuta kisiki cha shina chenye urefu wa kucha. Shina changa ni chakula cha konokono wenye gamba na wasio na gamba. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, ukaifunika juu ya sehemu ya kiazi na kuzamisha sm 3, inatosha mpaka shina lifike urefu wa kiganja. Kifuniko kitoe, hewa ipite.

NyandaJuu

Hapa napishana nanyi kidogo. Mnazungumza kama kila mtu ana mchanga wa Pangani. Huku kwenye msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na udongo mwekundu unaoshika, kiazi nakiweka sm 5 basi. Kina cha sm 10 kwenye udongo huu ni kaburi.

Pili, kuchimbua. Najua wengi wanasema kiache ardhini. Penye kiangazi kikavu kweli, kiache. Lakini bustani nyingi za mjini zina majani ya ukoka yanayomwagiliwa kila jioni mwaka mzima, na gloriosa iko pembeni ya ukoka. Hiyo haipati kiangazi hata siku moja. Chimbua: subiri mpaka shina liwe kavu kabisa hadi chini na linachomoka lenyewe, chimba mbali, sm 30 kutoka shina lilipokuwa, inua bonge zima la udongo na ulipukute kwa mkono. Kiazi usikioshe. Kausha kivulini siku chache, weka kwenye sanduku la mchanga mkavu au maranda, mahali penye hewa pasipo na panya.

Na utashangaa: kiazi ulichopanda hakipo. Kimenywea, kimebaki ganda. Ulichoinua ni kipya, kimeundwa na majani ya msimu huo. Ndiyo maana yule anayefyeka shina mara tu maua yanapoisha, kwa sababu eti limekuwa baya, mwaka unaofuata anapata kiazi cha ukubwa wa kidole cha mwisho na hakuna ua. Acha majani yawe njano yenyewe. Wiki hizo za ubaya ndizo zinazolipa.

FundiUa

Hoja ya ukoka imenigusa, sijawahi kuiona imeandikwa. Kwa wenye vyungu ni rahisi zaidi: majani yakianza njano punguza maji, yakikauka acha kabisa, laza chungu ubavu chini ya upenu. Mvua zikikaribia kisimamishe, ondoa sm 5 za udongo wa juu, weka mboji mpya, anza maji.

Chipukizi_Kilifi

Na mbolea jameni?

Kitalu_Pangani

Kidogo. Ukiipa naitrojeni nyingi unapata shina la kamba na majani, maua mawili. Shina likifika sm 20, mbolea yenye uwiano sawa wa N, P na K (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji, kila baada ya wiki 2 kwa vyungu. Ikianza kutoa vitumba hamia kwenye yenye potasiamu nyingi, zile wanazouzia wakulima wa nyanya zinafaa. Aliyepanda ardhini akiweka mboji ya vidole viwili juu ya tuta mwanzoni mwa mvua, inamtosha. Majani yakianza njano ya mwisho wa msimu, simamisha mbolea yote.

Dawa_na_Sumu

Naomba niikalie hii ya sumu, kwa sababu mwandishi ameigusa vizuri lakini kwa ufupi.

Iliyomo ni kolkisini. Ni dawa halali ya ugonjwa wa jongo, kwa vipimo vya miligramu, na mashamba ya gloriosa ya Tamil Nadu yanalimwa kwa ajili ya mbegu zinazokamuliwa dawa hiyo. Wataalamu wa mbegu nao huitumia kuzidisha kromosomu za mimea. Tikiti lisilo na mbegu lina mkono wake humo. Inachofanya ni kuzuia seli kugawanyika. Kwenye mwili wa mtu, seli zinazogawanyika haraka ni za utumbo, uboho wa mifupa na mizizi ya nywele, na ndizo zinazoshambuliwa kwanza.

Hatari yake kubwa ni kuchelewa. Mtu anakula, anajisikia mzima kwa saa kadhaa. Baadaye huja kutapika, kuharisha sana na maumivu ya tumbo, watu wanadhani ni chakula kibovu au kipindupindu. Siku zinazofuata figo, moyo na damu vinaharibika, chembe nyeupe zinashuka. Anayenusurika nywele zinaweza kumtoka kichwa kizima wiki ya pili. Hakuna dawa ya kuipindua unayoweza kuikuta kwenye hospitali ya kawaida. Kinachookoa ni kuwahi.

Kwa hiyo ukishuku tu kwamba mtu amekula, hata kama hana dalili, nenda hospitali saa hiyo hiyo na kipande cha mmea mkononi. Usimtapishe kwa vidole, usimpe maziwa wala mafuta, usisubiri uone. Kuchemsha au kukausha kiazi hakuondoi sumu, na anayekuambia bibi yake alikuwa anakitumia kwa dozi fulani, mwache na dozi yake: kiwango cha sumu kinatofautiana kiazi hadi kiazi.

Mambo ya nyumbani sasa. Sri Lanka watu wamekufa kwa kukichanganya na viazi vya kula. Basi kisiingie jikoni hata kwa dakika, kisikae kwenye gunia la viazi vitamu au magimbi, na bustanini kisipandwe kwenye tuta moja na viazi vyovyote vya chakula. Sanduku liandikwe SUMU kwa herufi kubwa na lifungwe. Vaa glavu unapokata au kugawa, utomvu huwasha ngozi za watu wengine, kisha osha mikono na kisu kwa sabuni. Mashina makavu usiwape mbuzi wala ng'ombe. Na mbegu zake ni shanga nyekundu za kuvutia kuliko ua lenyewe. Kama watoto wa jirani hupita uani, kata maua yaliyonyauka kabla hayajafunga tumba la mbegu.

Mama_Bustani255

Duh. Nina wajukuu wawili wa kutambaa. Naomba mbadala wa asili ya hapa hapa unaopanda, usio na mambo hayo.

FundiUa

Shikamoo mama. Chukua Thunbergia alata, ile yenye ua la chungwa na jicho jeusi katikati. Ni ya Afrika Mashariki, utaiona kwenye kingo za misitu na mifereji ya barabara. Inaoteshwa kwa mbegu: loweka usiku mmoja, fukia sm 1, inaota wiki 2 hadi 3, inatoa maua miezi 2 au 3 baadaye. Hii inajiviringisha kwa shina, kwa hiyo kamba ya wima au fito nyembamba inatosha, haihitaji wavu. Inafika mita 2 au 3. Ukiiacha bila kuipogoa inajimwagia mbegu na kufunika miche mingine, kwa hiyo ikate nusu maua yakipungua, inachipua tena.

Kama uko juu penye ubaridi kuna ndugu yake Thunbergia gregorii, chungwa tupu bila jicho. Ile Combretum paniculatum yenye maua mekundu kama brashi ni nzuri mno ila ni jitu, inataka mti mzima wa kupandia, usiiweke kwenye kibaraza.

Kitalu_Pangani

Marahaba ya mama haijaja lakini jibu nimelikubali. Wajukuu wakishafika umri wa kuelewa, gloriosa itakuwepo tu.

Mama_Bustani255

Marahaba mwanangu, nilikuwa natafuta miwani. Nachukua hiyo ya jicho jeusi.

NyandaJuu

Tumalizie mbegu, maana kuna watu hawapati kiazi. Na tafadhali msiende kung'oa porini. Kiazi cha porini kiko chini sana, mnakivunja ncha, mnakiacha kichaka kitupu na nyumbani hakioti. Chukua tumba moja la mbegu, acha mmea.

Angalia ua: ule mrija wa kike umepinda pembeni karibu nyuzi 90 kutoka katikati, mbali na poleni yake mwenyewe. Porini vipepeo hufanya kazi hiyo. Uani penye ua moja moja, saidia: asubuhi, siku mbili tatu za kwanza ua likifunguka, chukua poleni kwa brashi laini kutoka mmea mwingine na uipake kwenye ncha ya mrija huo. Wakulima wa India hufanya hivyo kwa mkono, ua kwa ua.

Tumba likibadilika kutoka kijani kwenda njano iliyosinyaa na kuanza kupasuka, livune. Ondoa ile nyama nyekundu juu ya mbegu kwa kusugua na mchanga mnyevu, glavu mkononi, suuza, kausha kivulini. Usipande mara moja. Mbegu mbichi zimelala, zinahitaji miezi kadhaa. Panda msimu unaofuata: loweka saa 24, fukia sm 1 kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, mahali pa joto la nyuzi 25 hivi. Nyingine zitaota mwezi wa kwanza, nyingine wa tatu, kwenye trei hiyo hiyo. Usimwage trei kwa kukata tamaa.

Mwaka wa kwanza unapata kijani chembamba kama jani la nyasi na kiazi cha ukubwa wa punje ya njugu. Kiache humo humo, kilale, kiamke. Ua la kwanza kwa kawaida mwaka wa 3, wengine wa 2, wengine wa 4. Ndiyo maana kiazi kikubwa ni ghali.

Mbongo_Birmingham

Huku madukani zinauzwa zile nyekundu iliyokoza zenye ukingo wa njano, wanaandika Rothschildiana. Ni mmea tofauti? Na baridi ya huku inakuwaje?

Kitalu_Pangani

Wataalamu wengi siku hizi wanaihesabu kuwa Gloriosa superba hiyo hiyo, aina iliyochaguliwa kwa rangi. Matunzo ni yale yale.

Kwa Uingereza geuza kalenda. Kiazi kilale Novemba hadi Februari ndani ya chungu kikavu au sanduku la maranda, mahali pa nyuzi 10 hadi 15, si kwenye gereji inayoganda. Machi kipande kwenye chungu ndani ya nyumba, penye nyuzi 20 kwenda juu, juu ya mkeka wa joto la miche kama unao, kwa sababu udongo baridi na mbichi ndio unaoua viazi vingi huko. Wavu mwembamba humo humo chunguni. Nje kitoke Juni, usiku ukishakuwa juu ya nyuzi 12 au zaidi, ukutani panapopigwa jua. Septemba kirudishe ndani, kikaushe taratibu. Kama una chumba cha vioo usikitoe kabisa, utapata maua mengi zaidi.

Halafu dunia ina kinyume chake: Australia, pwani ya Queensland na kaskazini mwa New South Wales, gloriosa imetoroka bustanini ikawa gugu kwenye vilima vya mchanga vya ufukweni, na wanapata tabu kuitoa. Aliye huko asiipande.

Chipukizi_Kilifi

Wadudu bado. Kwangu vitumba vinakuwa na michirizi ya fedha na petali zinafunguka nusu.

FundiUa

Hao ni thripsi. Pukuta ua juu ya karatasi nyeupe utaona vijiti vidogo vinatembea. Hupenda kiangazi na vumbi. Osha mmea kwa maji ya shinikizo dogo asubuhi, chini ya majani pia, kisha mafuta ya mwarobaini kama lebo inavyosema, jioni, kila siku 5 hadi 7 mara tatu. Vitumba vilivyokwisha kuharibika kata utupe mbali. Vidukari kwenye ncha laini, dawa ni hiyo hiyo au maji ya sabuni ya kipande.

Madoa ya kahawia yanayoenea kwenye majani wakati wa masika ni ukungu. Usimwagilie juu ya majani, mwagilia mguuni, na mimea isisongamane kwenye wavu. Majani yenye madoa yakusanye uchome, usiyatie kwenye mboji. Viwavi waokote kwa mkono, na glavu.

Mbongo_Birmingham

Na kukata maua ya mezani? Nisije nikaua kiazi.

NyandaJuu

Kata kikonyo cha ua tu, usichukue shina. Ua moja lina kikonyo kirefu cha kutosha kikombe kidogo cha maji, na hukaa karibu wiki. Ukitaka shina refu kama la dukani, chukua kwenye mmea mkubwa wenye mashina mawili au matatu na uache angalau nusu ya majani chini. Kata asubuhi, ua la chini likiwa limefunguka na ya juu yana rangi tayari. Vifuko vya poleni vinyofoe kabla havijapasuka, vinatia doa kitambaa cha meza na halitoki. Meza iwe isiyofikiwa na paka wala mtoto, na maji ya chombo hicho yamwage shimoni, siyo kwenye bakuli la mbwa.